Mpango wa ardhi wa kaunti unapohuishwa, mwananchi aingilie wapi?

Swali: Mimi ni mkulima wa simsim na korosho katika kaunti moja ya Pwani ya Kenya. Hivi majuzi tuliitwa barazani tukaambiwa kwamba mpango wa matumizi ya ardhi wa kaunti yetu unahuishwa kwa sababu miaka yake kumi inakwisha. Maafisa walizungumza, ramani ikatundikwa ukutani, watu wachache wakapewa nafasi ya kusema, tukatia sahihi kwenye daftari la mahudhurio, tukanywa soda tukarudi makwetu. Je, huko ndiko kushirikishwa kwenyewe? Na sisi ambao wengi wetu hatuna hati za ardhi, maoni yetu yana uzito gani, na tuyapeleke wapi?

Jibu:

Ndugu msomaji, baraza ulilohudhuria ni sehemu halali ya ushirikishwaji wa umma, lakini ndiyo sehemu yenye uwezo mdogo zaidi wa kubadilisha chochote, na likibaki peke yake halitoshelezi matakwa ya sheria. Mambo mengi yanayoamua hatima ya shamba lako au njia ya mifugo ya jirani yako huamuliwa kabla ya baraza, pale ramani ya hali ilivyo inapochorwa, au baada yake, pale rasimu inapowekwa wazi kwa pingamizi na kisha kupelekwa katika bunge la kaunti. Mwananchi anayesubiri kuitwa ndipo aseme hukuta meza imekwisha kuandikwa, kwa hiyo jibu langu litakaa zaidi kwenye hatua hizo mbili kuliko kwenye baraza lenyewe.

Nianze na sheria, kwa ufupi. Katiba ya 2010 inautaja ushiriki wa wananchi katika kifungu cha 10 kuwa mojawapo ya maadili ya kitaifa yanayomfunga kila afisa wa umma, na kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lenyewe liwezeshe umma kushiriki katika shughuli zake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 110, inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa miaka 10 unaoonyesha kwa ramani ardhi yake itakavyotumika, upitiwe upya kila baada ya miaka 5, na toleo lililorekebishwa liidhinishwe na bunge la kaunti. Kifungu cha 115 cha sheria hiyohiyo kinasema wazi kwamba ushiriki wa umma katika upangaji ni wa lazima, na kwamba wananchi wapewe habari zilizo wazi, zisizo na utata, juu ya jambo linalojadiliwa. Juu ya hayo kuna Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996, ambayo inaeleza namna rasimu inavyotangazwa na namna pingamizi zinavyopokewa. Pesa nazo zimo: kifungu cha 104 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinazuia fedha za umma kutengwa nje ya mipango iliyoidhinishwa, na hiyo ndiyo sababu mstari kwenye ramani leo unaweza kugeuka kuwa barabara, dampo au soko katika bajeti ya kesho.

Kuhuisha mpango si sawa na kuutunga mara ya kwanza, ingawa ofisi nyingi huziendesha kazi hizi mbili kwa mtindo mmoja, yaani kuuliza watu wanataka nini kana kwamba hapakuwahi kuwa na mpango. Swali la kwanza katika kuhuisha linapaswa kuwa juu ya mpango wa zamani: nini kilitekelezwa, nini kiliachwa, nini kilikiukwa na kwa idhini ya nani. Chukua mfano wa Lamu, ambayo mpango wake ni wa 2016 hadi 2026. Sensa ya 2009 iliihesabia kaunti hiyo watu 101,539. Ile ya 2019 ikahesabu 143,920. Gati ya kwanza ya bandari ya Lamu ilifunguliwa Mei 2021, na barabara ya kutoka Garsen kupitia Witu ikatiwa lami. Mpango uliochorwa kabla ya mambo haya kutimia hauwezi kurefushwa tu kwa kubadilisha mwaka kwenye jalada. Inabidi uulizwe ni dhana zipi zake zimethibitika na zipi zimepitwa na wakati. Kwa hiyo, kabla ya kutoa maoni yoyote kuhusu mpango mpya, ombeni ripoti ya tathmini ya ule wa zamani. Mkiambiwa kwamba haipo, mtakuwa tayari mmepata hoja yenu ya kwanza ya maandishi.

Namna ya kuomba ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, haikutaki ueleze kwa nini unaitaka habari hiyo, na inampa afisa anayehusika siku 21 za kujibu. Huwezi kutozwa ada kwa ombi lenyewe, ila unaweza kulipia gharama ya kunakili. Ukinyimwa au ukipuuzwa, unaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi wanaiita ofisi ya Ombudsman. Andika barua ya aya moja, taja hati unayoitaka kwa jina, peleka nakala mbili na ubaki na ile iliyopigwa muhuri wa kupokewa. Muhuri huo una kazi nyingine huko mbele, nami nitaurudia.

Sasa ramani, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini cha jambo zima. Kila mpango hujengwa juu ya ramani ya hali ilivyo, inayoonyesha wapi pana mashamba, msitu, makazi, malisho, mikoko na ardhi inayodhaniwa kuwa wazi. Siku hizi sehemu kubwa ya ramani hiyo hutolewa kwenye picha za satelaiti, na picha ya satelaiti ina tabia moja ambayo mkulima wa Pwani anapaswa kuijua: inaona kilichoko siku ile ilipopigwa, haioni mzunguko wa mwaka wala wa miaka. Shamba lililopumzishwa kwa misimu miwili au mitatu linaonekana kuwa kichaka. Malisho ya kiangazi, picha ikiwa imepigwa wakati wa masika, yanaonekana kuwa nyika isiyo na mtu. Mchoraji aliye ofisini hana nia mbaya. Anaona rangi ileile ya kichaka akaiandika kuwa kichaka. Tatizo linakuja pale mtu mwingine anapotafuta eneo la kuweka viwanda au mradi wa umeme wa jua, akaelekezwa kwenye vichaka kwa sababu eti hakuna anayevitumia.

Kuna pia suala la kipimo, ambalo barazani halielezwi kamwe. Katika ramani ya kipimo cha 1 kwa 50,000, milimita moja kwenye karatasi ni mita 50 ardhini, hivyo mstari wa kalamu wenye unene wa nusu milimita unafunika mita 25. Katika ramani ya 1 kwa 250,000, ambayo huenda ndiyo iliyotundikwa ukutani mkaitazama kutoka viti vya nyuma, mstari huohuo unafunika mita 125. Shamba la ekari mbili linaweza kumezwa lote na mpaka wa kanda mbili bila mtu yeyote kusema uongo, na mapito ya mifugo yenye upana wa mita kumi hayawezi kuonekana hata yangejulikana. Ombeni ramani ya kata yenu kwa kipimo kikubwa zaidi, ombeni tarehe ya picha iliyotumika, na ombeni kuiona mezani, ambapo watu wanaweza kuwekea vidole mahali wanapopajua.

Hapo ndipo kazi yenu kama wanakijiji inapoanza kuwa na nguvu. Wachukueni wazee wawili watatu wanaojua majina ya mahali, vijana wenye simu zinazoweza kurekodi majira ya eneo (namba za GPS zinazoonyesha mahali hasa), na mtu wa kuandika, mzunguke mkiorodhesha visima, makaburi, miti mikubwa ya mipaka ya kale, njia za kwenda mtoni, bandari ndogo za madau, mahali pa kukata boriti na mahali pa kuvuna makuti. Kila pointi iandikwe pamoja na msimu inapotumika na kundi linaloitumia. Katika Delta ya Tana, Waorma, ambao ni wafugaji, wana njia zao za kuteremsha mifugo mtoni wanazoziita malka. Njia kama hiyo inaweza kukaa miezi mingi bila kupitwa na hata ng'ombe mmoja, kisha kiangazi kikali kikifika ikawa ndiyo tofauti kati ya kundi kubaki hai na kufa. Jambo kama hilo haliingii kwenye ramani kwa hotuba. Linaingia kwa mchoro na maelezo yaliyokabidhiwa kwa afisa wa mipango kabla rasimu haijafungwa.

Rasimu ikiwa tayari, sheria inataka itangazwe katika Gazeti Rasmi la Serikali, katika magazeti yanayosambazwa nchini na kwa vyombo vya kielektroniki, na tangazo liseme rasimu inapatikana wapi kusomwa na pingamizi zipelekwe kwa nani na hadi lini. Siku za mwisho zisomwe kwenye tangazo lenyewe, wala msitegemee alivyosikia fulani. Kwa kuwa si kila kijiji hupata gazeti, mteueni mtu mmoja awe anapita kwa msimamizi wa wadi na kwenye ofisi ya ardhi kila wiki katika kipindi hiki. Inachosha, lakini vijiji vingi hupoteza haki yao katika hatua hii bila kelele yoyote, kwa sababu tu hakuna aliyejua kwamba siku zilikuwa zinahesabiwa.

Waraka wa maoni hauhitaji wakili wala lugha ya kisheria, ila unahitaji kuwa mahususi. Nimesoma mirundo ya maoni ya aina ya «hatutaki ardhi yetu ichukuliwe», na ukweli mchungu ni kwamba mpangaji hana la kufanya nayo. Ataandika «wananchi walionyesha wasiwasi» akaendelea na kazi yake. Linganisha na sentensi kama hii: «Rasimu inaonyesha eneo la viwanda kaskazini mwa barabara kuu, ndani yake mna njia ya ng'ombe ya kwenda kisimani inayotumika kuanzia Januari hadi mvua za masika zianze, kama ilivyo kwenye mchoro tulioambatanisha, tunaomba njia hiyo ihifadhiwe kwa upana wa mita 60, au eneo la viwanda lisogezwe mashariki.» Sentensi hiyo inamlazimu afisa achague moja kati ya mawili: abadilishe mstari au aandike sababu ya kutoubadilisha. Sababu iliyoandikwa inaweza kupimwa, kupingwa na kukatiwa rufaa. Ukimya hauwezi.

Ili uone kwamba mpangilio wa hatua hizi si nadharia, kumbuka kesi ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa Kwasasi, Lamu. Tarehe 26 Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mazingira ya mradi huo, na mojawapo ya sababu kuu ilikuwa ushirikishwaji mbovu. Mikutano ilikuwa imefanyika, hilo halikukanwa. Lakini jopo liliona kwamba mikutano ya mwanzo ilikuwa ya kuutambulisha mradi tu, kabla ya utafiti wa athari, na kwamba baada ya ripoti kukamilika wananchi hawakupewa nafasi ya maana ya kuijadili. Kesi hiyo ilihusu leseni ya mazingira, si mpango wa kaunti, lakini mantiki yake inaliangukia moja kwa moja swali lako: watu hawawezi kuhesabiwa kuwa wameshirikishwa katika hati ambayo, siku walipokutanishwa, ilikuwa bado haijaandikwa. Kwa hiyo sahihi yenu kwenye daftari ni ushahidi kwamba mlihudhuria. Si ushahidi kwamba mliafiki rasimu, na mtu akiitumia hivyo mna haki ya kumkatalia.

Kuna watu ambao baraza la aina mliyofanyiwa haliwezi kuwafikia hata likiendeshwa kwa nia njema. Wavuvi wakiitwa kaskazi imetulia, bahari ikiwa shwari, wenye vyombo watakuwa baharini na watakaokuja ni wachuuzi na wazee waliostaafu; kusi ikivuma, watu walewale wapo nyumbani. Wafugaji wanaotegemea delta wakati wa kiangazi huenda wakati wa masika wako mbali, wengine ng'ambo ya mpaka wa kaunti, na kwa hiyo hawamo katika orodha ya chifu yeyote anayealikwa. Wanawake wanaosuka makuti na mikeka, au wanaotafuta kuni kwenye ukingo wa msitu, mara nyingi wanajua mipaka ya matumizi kwa undani kuliko waume zao, lakini katika mkutano wa hadhara wa alasiri watakaa nyuma na kunyamaza. Ombeni vikao tofauti, kwa wakati unaofaa kila kundi, na andikeni ombi hilo mapema. Nawe kama mkulima una maslahi ya moja kwa moja katika kumtaka mfugaji asikilizwe, kwa sababu mpango ambao haukumsikiliza hautamzuia kupita. Mpango huo utakachofanya ni kumpitisha shambani kwako.

Delta ya Tana ililipa gharama ya jambo hili. Mapigano ya 2012 na mwanzoni mwa 2013 baina ya wakulima na wafugaji yaliua zaidi ya watu 100. Katika kipindi hichohicho, Februari 2013, Mahakama Kuu iliamua kesi iliyofunguliwa na wakazi kuhusu miradi mikubwa ya kilimo katika delta, ikaelekeza kwamba mipango ya matumizi ya ardhi itayarishwe kwa ushiriki kamili wa jamii zinazoishi hapo. Mpango wa matumizi ya ardhi wa delta uliokamilika 2015 ulipitia vijijini, ukiwashirikisha wakulima, wafugaji na wavuvi, na ukaandamana na tathmini ya kimkakati ya mazingira. Si mpango mkamilifu, na utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua, lakini unabaki kuwa mfano bora zaidi wa Pwani wa kuwakalisha watu wenye matumizi yanayogongana mbele ya ramani moja. Delta imegawanywa na mpaka wa kaunti za Tana River na Lamu, na maji hayaujui mpaka huo; kwa hali kama hizo sheria ya 2019 inaruhusu kaunti kuandaa mpango wa pamoja. Kama kijiji chenu kiko karibu na mpaka, ulizeni pia kaunti jirani imepanga nini upande wake.

Kuhusu hati za ardhi, naomba usimruhusu mtu yeyote akuambie kwamba asiye na hati hana la kusema. Haki ya kushiriki inatokana na kuwa mwananchi anayeguswa na uamuzi, wala sheria haiifungi kwenye cheti cha umiliki. Isitoshe, asiye na hati ndiye anayehitaji zaidi kuonekana kwenye ramani, kwa sababu mwenye hati anayo kumbukumbu nyingine ya kumlinda katika ofisi ya usajili. Tofautisha pia mambo mawili yanayochanganywa barazani: mpango wa matumizi haumnyang'anyi mtu ardhi, unaelekeza tu itumikeje, kuchukua ardhi kwa lazima ni mchakato mwingine, unaopitia Tume ya Kitaifa ya Ardhi na unaodai fidia ya haki. Hata hivyo sitakudanganya kwamba hofu yenu haina msingi. Ardhi isiyosajiliwa, ikishaandikwa kwenye mpango kuwa ni wazi na inafaa kwa uwekezaji, huwa hatua moja karibu zaidi na kugawiwa mtu mwingine. Kama ardhi yenu ni ya jamii, anzeni taratibu za kuisajili chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 sambamba na kazi hii, msingoje moja iishe.

Je, maoni yenu yakitolewa vizuri lazima yakubaliwe? Hapana. Mahakama ya Juu, katika uamuzi wake wa 2019 kwenye kesi ya kampuni ya tumbaku ya British American Tobacco dhidi ya wizara ya afya, ilieleza kwamba ushirikishwaji lazima uwe wa kweli wala si wa kutimiza wajibu tu, lakini haikusema kila mtu asikilizwe ana kwa ana wala kila maoni yafuatwe. Ilichotaka ni mada ieleweke kwa umma, njia za kushiriki ziwe wazi na rahisi, nafasi ya kuathiri uamuzi iwe ya usawa, uwakilishi uwe jumuishi, na watu waelimishwe kwanza juu ya jambo lenyewe. Mimi naongeza kipimo changu cha kazini: ombeni jedwali la majibu, yaani orodha ya kila pingamizi lililopokewa, limekubaliwa au limekataliwa, na kwa sababu gani. Kaunti isiyoweza kutoa jedwali hilo itapata taabu kueleza ilichofanya na maoni yenu.

Rasimu ikifika bungeni, shughuli bado haijaisha. Kamati ya bunge la kaunti inayohusika na ardhi inapaswa nayo kusikiliza umma, na mwakilishi wa wadi yenu anaweza kuombwa aitake kamati ije kwenu badala ya nyinyi kusafiri hadi makao makuu. Mnaweza pia kuwasilisha ombi rasmi chini ya kifungu cha 88 cha Sheria ya Serikali za Kaunti, mkiambatanisha waraka wenu, mchoro na nakala za barua zilizopigwa muhuri.

Mpango ukipitishwa bila hayo kuzingatiwa, bado kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na kwa maamuzi ya baadaye kuhusu idhini za ujenzi kuna kamati ya kaunti ya kusikiliza malalamiko ya mipango iliyoundwa na sheria ya 2019. Jihadharini tu na jambo moja: mahakama za Kenya humuuliza mlalamishi kwanza kama alitumia njia alizopewa na sheria kabla ya kufika kwao. Hapo ndipo ile mihuri itakapofanya kazi yake, kwa hiyo faili lifunguliwe wiki hii, na karatasi ya kwanza ndani yake iwe barua ya kuomba ripoti ya tathmini ya mpango unaokwisha.